Heri Ilie Kuliko Iungue

Wahenga walituachia methali nyingi za kuwacheka wenye kelele. Debe tupu, walisema, haliachi kuvuma. Tumelelewa katika imani hiyo hata tukaipeleka mahali pasipo pake: nyumba isiyosikika ugomvi tunasema ina amani, darasa lisilouliza maswali tunasema limeelewa, gari lisilogonga tunasema ni zima. Katika kurasa hizi nataka kuitilia shaka imani hiyo, na shahidi wangu ni kazi ndogo ya gereji, ile ya kuseti tapeti za injini ya lori. Swali ninalouliza ni hili: mtu akikulipa umwondolee kelele, nawe unajua kwamba kelele hiyo ni dalili ya uzima, wajibu wako kwake ni upi?

Nimechagua kazi hiyo kwa sababu kwetu Mpanda lori lilikuwa zaidi ya chombo cha mizigo. Mji wenyewe ulikua kwa ajili ya madini ya risasi. Tawi la reli kutoka Kaliua, lenye urefu wa kilometa zipatazo 210, lilifunguliwa mwaka 1950 ili kuyasafirisha. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Lakini reli huishia Mpanda. Aliyetaka kwenda Karema ziwani, Inyonga, Mishamo au Mpimbwe kwa miongo mingi alitegemea magurudumu, na mara nyingi magurudumu hayo yalikuwa ya lori, yeye akiwa amekaa juu ya magunia. Barabara ya kwenda Sumbawanga hupita Sitalike na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Siku hizi Katavi ni mkoa kamili, tangu mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na barabara ya lami kutoka Tabora ilizinduliwa mwaka 2022. Hata hivyo, aliyesafiri huku enzi za vumbi na matope anajua kwamba lori likifa hifadhini jioni, habari hiyo si ya injini peke yake. Ni habari ya mama mwenye mtoto mgongoni, ya mbung'o, ya simba, na ya usiku mrefu.

Sasa tuifungue injini kidogo, maana bila kuielewa kazi hatuwezi kuipima kwa mizani ya haki.

Katika injini za malori tuliyoyazoea, kama Isuzu na Fuso za miaka ile, valvu zimekaa juu, ndani ya silinda hedi. Chini, ndani ya bloku, unazunguka mhimili wenye vinundu uitwao kamshafti. Kinundu kikipanda husukuma tapeti. Tapeti husukuma fimbo ndefu, yaani pushirodi. Pushirodi huinua upande mmoja wa roka kule juu. Na upande wa pili wa roka hushuka na kuikandamiza valvu ifunguke. Kinundu kikipita, springi huirudisha valvu kwenye kiti chake. Kila silinda ina valvu ya kuingiza hewa na valvu ya kutoa moshi. Injini ya silinda sita, basi, ina valvu 12. Injini hiyo ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 1,000 katika dakika hiyo. Kwa mwendo wa namna hiyo, safari ya saa nane ni mara 480,000 kwa kila valvu. Hakuna mlango wa nyumba utakaofunguliwa mara nyingi hivyo katika maisha ya mwenye nyumba.

Kati ya roka na ncha ya valvu fundi huacha nafasi. Kwa injini nyingi za aina niliyoitaja nafasi hiyo ni milimita 0.4 injini ikiwa baridi, kiasi cha unene wa kucha. Inaachwa kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Valvu ya kutoa moshi hupitiwa na gesi yenye joto la mamia ya digrii, na njia yake kubwa ya kupoa ni kukaa barabara kwenye kiti chake, ili joto lihamie kwenye silinda hedi na kutoka huko liende kwenye maji. Isipoachiwa nafasi, valvu ikirefuka hukutana na roka kabla haijakaa. Mlango unabaki wazi kwa upenyo usioonekana kwa jicho. Gesi ya moto inapenya hapo kila mara, ukingo wa valvu unaungua, mgandamizo wa hewa unapungua, na silinda inakufa pole pole.

Nafasi ikiwa kubwa kupita kiasi nayo ni kosa. Roka huipiga valvu kama nyundo, valvu huchelewa kufunguka na haifunguki vya kutosha, nguvu hupungua na vyuma hulika. Kwa hiyo nisieleweke kwamba nazisifu kelele. Fundi anayeacha tapeti zilegee ovyo hana tofauti na mlegevu mwingine yeyote. Ninachosema ni kwamba makosa haya mawili si sawa. Kosa la kulegeza hulia. Lina mdomo, hujishtaki lenyewe barabarani na kila mtu husikia. Kosa la kukaza halina sauti. Tena linapendeza: injini iliyokazwa hutulia kama cherehani iliyotiwa mafuta, na mwenye gari hutabasamu. Kwa valvu, ile methali isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu ni kweli kabisa.

Katika miaka ya 1990 nilimfahamu fundi mmoja pale Mpanda mjini ambaye kazi hii aliifanya asubuhi tu, kabla injini haijawashwa. Kwanza aliizungusha injini mpaka pistoni ya silinda ya kwanza ifike juu kabisa ikiwa imebana hewa, akihakikisha kwa alama na kwa kuzitikisa roka kwa vidole. Hapo hupimwa valvu sita. Kisha aliizungusha mzunguko mmoja kamili, silinda ya sita ikawa juu, akapima sita zilizobaki. Kila valvu aliiwekea kibati cha fila geji, akakivuta kwa vidole viwili. Kibati kisipite kwa uhuru kama kisu kwenye uji, wala kisinaswe. Kipite huku kikishikwa kidogo. Akikaza nati kwa spana huku bisibisi ikiishika skrubu isizunguke, alikirudisha kibati na kupima tena, kwa maana nati inapokazwa hupenda kuiburuta skrubu pamoja nayo. Kule kupima mara ya pili, baada ya kuwa kazi inaonekana imekwisha, ndiko kulikomtofautisha na wengine. Hakuna mwenye gari aliyewahi kumlipa kwa sababu ya hilo, maana hakuna aliyeliona.

Siku moja aliseti tapeti za lori la tajiri mmoja. Kesho yake tajiri alikuja amekasirika: injini inalia chaka-chaka, jana haikuwa hivyo. Fundi alimweleza kwamba jana tapeti zilikuwa zimebana, na kwamba mlio ule mwembamba ndio mlio wa nafasi. Tajiri hakuamini. Alilipeleka lori kwa fundi mwingine, ambaye aliwasha injini, akainama na bisibisi, akakaza kwa kufuata sikio mpaka mlio ukapotea. Hakutumia fila geji. Tajiri alifurahi, akamlipa na kumwongeza cha soda.

Wiki chache baadaye lori lile lilikuwa likitoka Mpimbwe na shehena ya mahindi, abiria wakiwa juu. Baada ya Kibaoni lilianza kukosa nguvu. Liliingia hifadhini likijikokota na kutoa moshi, likakwama kwenye mchanga. Dereva alizima injini ili ipoe. Alipotaka kuiwasha tena ilikataa, kwa kuwa silinda mbili hazikuwa tena na mgandamizo. Abiria walilala juu ya magunia, na utingo akakoka moto akaulinda hadi alfajiri. Hedi ilipofunguliwa mjini, valvu mbili za kutoa moshi zilikuwa zimelika ukingoni kama mkate ulioumwa na panya.

Tazama jinsi hasara ilivyogawanywa. Dereva aliambiwa ameliendesha gari vibaya, akafukuzwa, na utingo wake pamoja naye. Abiria walipoteza usiku mmoja na siku moja ya soko. Tajiri alinunua valvu na kulipia kazi. Na yule aliyeinyamazisha injini? Hakuna aliyemkumbuka. Malipo yake alikuwa ameshayala, shukrani alikuwa ameshazipokea, na kati ya bisibisi yake na mchanga wa hifadhini palikuwa na wiki nyingi na kilometa nyingi mno kwa mtu yeyote kuzihesabu.

Hapo ndipo swali letu linapokuwa zito. Uovu unaojulikana kwa wote, kama wizi, una walinzi wengi: mwenye mali, jirani, polisi, mahakama. Lakini kosa ambalo dalili yake ya kwanza ni raha, na adhabu yake humwangukia mtu mwingine siku nyingine, litalindwa na nani? Hakuna mlinzi wake ila dhamiri ya mwenye bisibisi.

Tumtendee haki fundi huyo wa pili. Angekuwapo angejitetea hivi: gari ni la mwenyewe, na masikio ni yake. Yeye ndiye aliyetaka ukimya na yeye ndiye aliyeulipia. Mimi nina watoto. Nikikataa, atakwenda kwa wa tatu, na kazi itafanyika vile vile, ila mimi nitalala njaa. Utetezi huu si wa kudharauliwa. Wengi wetu, katika ofisi na madarasa, tumeutumia bila hata kushika spana.

Lakini una kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba unakosea kuhusu kile tajiri alichokitaka. Hakuna mtu anayenunua ukimya wa injini kwa ajili ya ukimya. Tajiri alitaka gari zima, na kwa kuwa hakujua kupima uzima aliushika ukimya kama alama yake. Fundi alijua kwamba alama na kitu vimeachana. Kumpa mtu alama huku ukimnyang'anya kitu chenyewe ni kumdanganya, hata kama hukutamka neno moja la uongo, na hata kama yeye ndiye aliyekuomba alama hiyo. Ni sawa na mgonjwa anayeomba homa ishuke: tabibu anayeshusha joto na kuacha malaria ndani hajamtii mgonjwa, amemwibia.

Kasoro ya pili ni wale waliokuwa juu ya magunia. Gari ni la tajiri, lakini usiku ule haukuwa wake. Mama aliyelipa nauli hakuulizwa kama angependa injini iwe kimya au iwe nzima. Kila kazi ya mikono ina watu wa namna hiyo, wasiofika gereji, wasiojua hata jina la fundi, lakini wanaobebwa na kazi yake. Fundi ana waajiri wawili: yule anayelipa na yule anayepanda. Wa pili hana sauti pale gereji, na kwa sababu hiyo hiyo fundi anapaswa kumsemea.

Hata fundi wa kwanza, niliyemsifu, alikuwa na deni. Mara ya kwanza alimweleza tajiri kwa maneno, na maneno ya fundi kwa mtu asiyejua injini ni kelele nyingine tu. Hedi ilipokuwa imefungwa upya na wakati wa kuseti tapeti ukafika, alimwita tajiri, akampa ile fila geji mkononi. "Vuta, mzee," akamwambia. Tajiri akavuta, akahisi kibati kikishikwa kidogo. Fundi akaikaza skrubu robo mzunguko, akamwambia avute tena; kibati kikanasa. "Hapo ndipo mlio unapopotea," akasema, "na hapo ndipo chuma kikipata moto hakina pa kwenda." Injini ilipowashwa ililia chaka-chaka kama zamani. Tajiri akauliza, "Bado, fundi?" Akajibiwa, "Bado, mzee. Heri ilie kuliko iungue." Safari hii alilichukua gari lake akaondoka nalo. Wajibu wa kusema kweli, basi, hauishii kwenye kuwa na kweli. Mwenye ujuzi anadaiwa pia kuiweka kweli mahali ambapo vidole vya mwenzake vinaweza kuigusa.

Kuna jambo jingine katika kazi hii ambalo kwangu ndilo la kutisha zaidi. Mtu anaweza kudhani kwamba injini ikiachwa bila kuguswa italegea na kuanza kulia, na hivyo itatuita yenyewe. Wakati mwingine ni hivyo, roka na ncha za valvu zinapolika. Lakini kiti cha valvu nacho hulika. Valvu huzama kidogo kidogo ndani ya hedi, shina lake hupanda kuelekea roka, na nafasi hupungua bila mkono wa mtu. Injini huzidi kutulia mwezi hata mwezi. Dereva husema gari limezoea. Kumbe linaelekea kuungua, na kila hatua ya safari hiyo inasikika kama maendeleo. Ndiyo maana vitabu vya injini havisemi pima tapeti zikilia. Vinasema pima kila baada ya kilometa kadhaa, zilie zisilie.

Huko nje ya gereji mambo ni hayo hayo. Mke aliyekuwa akilalamika kuhusu fedha za nyumbani akinyamaza, mume husema ameelewa. Kijiji kilichokuwa kikibishana mkutanoni kikinyamaza, kiongozi huandika katika taarifa yake kwamba hali ni shwari. Mfanyakazi aliyekuwa akiuliza maswali akiacha, mkuu wake humsifu kwa nidhamu. Yamkini katika baadhi ya hayo kuna amani ya kweli. Lakini yamkini pia kwamba nafasi imekwisha, na kwamba mtu huyo sasa amebanwa kiasi cha kutoweza hata kutoa mlio. Sikio haliwezi kutofautisha. Kinachoweza ni kipimo, yaani kwenda kwa mtu huyo wakati wa ubaridi, kabla ya moto, na kumuuliza.

Nasema wakati wa ubaridi kwa kusudi. Nafasi ile hupimwa injini ikiwa baridi, lakini huachwa kwa ajili ya joto. Asubuhi inaonekana kama uzembe: vyuma viwili vilivyokusudiwa kufanya kazi pamoja, kwa nini visigusane? Mchana, mlimani, na shehena mgongoni, ndipo inapotumika. Mkulima wa tumbaku wa huku kwetu anayekopeshwa mbolea kwa hesabu ya mwaka wa mvua njema, bila chochote kilichobakizwa kwa ajili ya mwaka mbaya, amesetiwa bila nafasi. Mkataba wake hauna mlio wowote siku ya kutia sahihi. Rafiki tunayemtaka awe nasi kila saa, mtoto tunayempangia kila dakika, pia hawana mlio wakati mambo ni baridi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa ukuta ni kweli. Ukuta kazi yake ni kusimama. Vitu vinavyokwenda, na watu ni miongoni mwake, vina nyufa ambazo ukiziziba ndipo unapovivunja. Hekima iko katika kujua ni ufa upi wa kuziba na ni upi wa kuacha, na ule wa kuacha uwe wa kiasi gani. Hapo hakuna methali inayoweza kutusaidia. Kuna kibati chembamba na vidole vilivyozoea.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Mtu akikulipa umwondolee kelele iliyo dalili ya uzima, unadaiwa kukataa. Kisha unadaiwa kumwonyesha kwa nini, kwa subira, mpaka aguse mwenyewe. Na asipokubali, umwache aondoke na fedha yake. Utapoteza mteja. Pengine atakwenda kwa wa tatu kweli, na usiku ule hifadhini utatokea bila wewe kuuzuia. Lakini usiku huo hautatoka mkononi mwako. Nasi tunaopeleka magari, watoto na malalamiko yetu kwa wenye ujuzi tunadaiwa upande wetu: tusiwaadhibu kwa kutuletea mlio, wala tusiwape cha soda wanaotuletea ukimya ambao hatukuupima.